Kichocheo chako cha kaboni kinagoma, au kinakudanganya? Tutafute kosa lilipo

Juzi saa tano usiku dogo mmoja wa maabara yetu kanitumia picha ya grafu wasap, chini kaandika "kaka nimeipita platinamu". Nikamuuliza swali moja tu, elektrodi yako ya tatu ni waya wa nini? Kimya kama dakika kumi hivi, halafu akajibu "wa platinamu kaka". Basi tukalala.

Kwa anayeingia leo kwenye mambo haya, fueli seli inakula haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, inatoa umeme na maji. Kazi ngumu iko upande wa oksijeni, ile molekuli haivunjiki kirahisi, ndo maana wanaweka platinamu kama kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha hiyo kazi, na platinamu ni ghali halafu karibu asilimia 70 ya inayochimbwa duniani inatoka nchi moja tu, Afrika Kusini. Kutafuta mbadala hakujaanza jana, mwaka 1964 mtafiti Jasinski alishaonyesha kwamba kobalti ikikalishwa katikati ya molekuli fulani yenye naitrojeni inaifanya hiyo kazi. Baadaye watu wakagundua ukivipika hivi vitu kwenye joto kali vinakuwa bora zaidi, na leo mshindani anayeaminika ni kaboni iliyoshikilia naitrojeni na chuma kidogo, asilimia moja mbili hivi ya uzito, tunaiita kwa kifupi Fe-N-C. Sisi kwetu Dar tunaipika kwa vifuu vya nazi, urea na kloraidi ya chuma. Makosa yote ninayoyaeleza hapa nimeyafanya mwenyewe au nimemkuta mtu yuko katikati ya kuyafanya.

Kinaishinda platinamu, tena kadiri unavyopima kinazidi kuwa kizuri

Hii ndo dalili ninayoiogopa kuliko zote kwa sababu mtu akiipata hataki kutafuta kosa, anataka kuandika ripoti. Kichocheo cha kaboni cha kawaida kinashuka taratibu ukikipandisha na kukishusha volti mara elfu kadhaa, hakipandi. Kikipanda jiulize kimekula nini.

Mara nyingi kimekula platinamu kweli. Elektrodi yako ya kazi, ile yenye kichocheo, ikienda upande hasi, ile ya tatu inayokamilisha mzunguko wa umeme inaenda chanya, na waya wa platinamu ukikaa chanya muda mrefu unayeyuka kidogo kidogo sana, huoni kitu kwa macho, inasafiri ndani ya maji inakuja kujibandika juu ya kaboni yako. Kidogo tu kinatosha maana platinamu ina nguvu kwelikweli. Dawa yake ni kutoa waya na kuweka kijiti cha grafaiti, tena ukiweke nyuma ya kizuizi cha kioo chenye vitundu. Kuna mtu alinishauri tutoe kijiti cha kaboni kwenye betri kuukuu za tochi, sawa inawezekana, ila kile kijiti kimelala miaka kwenye manganizi, usipokichemsha vizuri kwenye asidi umetoa uchafu mmoja umeingiza mwingine.

Chanzo cha pili ni bika na elektrodi zilizotumika jana kupima platinamu ya kulinganishia. Sisi tumetenga kabisa, bika la platinamu lina utepe mwekundu na haligusani na mengine hata kwenye sinki.

Cha tatu ni platinamu ya kulinganishia yenyewe kuwa mbovu. Kama ya kwako kwenye KOH (potasiamu haidroksaidi, ile alkali) ya 0.1 M inafika nusu wimbi, yaani pale kwenye grafu ya mkondo na volti ambapo mkondo umefika nusu ya kikomo chake, kwenye volti 0.78 badala ya huko 0.85, basi hujaishinda platinamu, umeishinda platinamu iliyopakwa vibaya. Na angalia uzito ulioweka. Platinamu watu wanapaka mikrogramu 20 hivi kwa sentimita ya mraba, kaboni wanapaka miligramu 0.6, yaani mara 30, sasa hiyo mechi siyo ya haki hata kidogo na ukiandika ulivyoshinda uandike na hilo.

Mstari mzima wa grafu umehama kushoto au kulia

Umbo zuri, ila kila kitu kimesogea milivolti 50 au 60. Kabla hujakilaumu kichocheo shuku elektrodi rejea, ile ambayo volti zote zinapimwa kutoka kwake.

Wengi tuna ile ya Ag/AgCl (fedha na kloraidi ya fedha) maana ndo iliyokuja na mashine. Kwenye asidi haina shida sana, ila kwenye KOH inavujisha kloraidi nje na KOH inaingia ndani, baada ya wiki kadhaa haisemi tena ukweli. Kwenye KOH tumia ya Hg/HgO (zebaki na oksaidi ya zebaki). Na hata hiyo usiiamini kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, ipime: puliza haidrojeni kwenye maji yaleyale unayotumia, weka waya safi wa platinamu (hapa ndo mahali pake), soma ni volti ngapi mkondo unapita sifuri. Hiyo ndo sifuri yako ya RHE, yaani kipimo cha volti kinachoanzia kwenye haidrojeni, ya siku hiyo.

Asiyekuwa na haidrojeni anahesabu kwa pH, sawa, ila kumbuka kosa la pH moja ni milivolti 59. KOH iliyoachwa wazi inakunywa kaboni dayoksaidi ya hewani inageuka kaboneti, pH inashuka, na wewe bado unaandika 13 kwenye fomula kwa sababu jana ilikuwa 13. Changanya mpya, funga kifuniko.

Halafu ukinzani wa maji. Huu watu wanaudharau sana. Diski ya milimita 5, ile inayozunguka na juu yake unapaka kichocheo, ina eneo la sentimita za mraba 0.196, mkondo ukiwa miliampia 5.5 kwa sentimita ya mraba basi inapita kama miliampia 1.1, na KOH ya 0.1 M inaweza kuwa na ohm 50, zidisha hapo utapata milivolti 54 zimepotea njiani, hazijafika kwenye kichocheo. Kwenye nusu wimbi ni kama 27. Pima ukinzani, sahihisha, na useme kwamba umesahihisha.

Mkondo wa kikomo uko chini, haufiki 5.5

Ukizungusha diski mara 1600 kwa dakika, kwenye KOH au HClO₄ (asidi ya pakloriki) ya 0.1 M iliyoshiba oksijeni, mstari unatakiwa ulale huko miliampia 5.5 hadi 6 kwa sentimita ya mraba, huo ndo mkondo wa kikomo, oksijeni haiwezi kufika haraka zaidi ya hapo. Ukilala kwenye 3.5 au usipolala kabisa, ukaendelea kushuka kama mteremko wa mlima, angalia kwanza jinsi ulivyopaka wino, yaani unga wa kichocheo uliokorogwa kwenye maji.

Chukua diski iweke chini ya mwanga wa simu, iinamishe. Ukiona pete nyeusi pembeni na katikati kunang'aa kioo, tone lako limekauka vibaya, limekimbilia ukingoni kama chai iliyomwagika mezani. Sehemu iliyo wazi haifanyi kazi ila wewe unagawa mkondo kwa eneo zima. Sisi tulihangaika na hili miezi miwili, kumbe dawa ilikuwa kukausha diski huku inazunguka polepole, mizunguko 300 hadi 700, na kuongeza spiriti kwenye wino. Miligramu 5 za unga, mikrolita 950 za maji na isopropanoli, mikrolita 50 za Nafion (plastiki inayopitisha protoni, ndo gundi yetu) ya asilimia 5, halafu bafu la mawimbi ya sauti nusu saa na barafu ndani maana maji yakipata moto Nafion na unga vinashikana mabonge. Kupata 0.6 kwa sentimita unahitaji kama mikrolita 24, usizimwage zote kwa mpigo, paka nusu ikauke ndo uweke nusu.

Sasa nyie wa Nairobi. Kuna rafiki yangu huko alipaka vizuri, diski nyeusi tii, platinamu yake na kaboni yake zote zinaishia 4.7, akabadilisha mpaka motor ya kuzungushia. Kosa halikuwepo. Nairobi iko juu ya bahari kama mita 1,700 na zaidi, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya wa pwani, na oksijeni inayoyeyuka kwenye maji inafuata mgandamizo, kwa hiyo mkondo wa kikomo unapungua kwa kiasi hichohicho. 5.7 zidisha 0.82 ni 4.7, imekaa sawia kabisa. Johannesburg ni hivyohivyo. Andika mgandamizo wa siku kwenye daftari, usilinganishe kichwa kichwa na namba za mtu aliyepima usawa wa bahari.

Kingine kifupi, oksijeni haijapulizwa vya kutosha. Nusu saa, na wakati wa kupima iache ipite juu ya maji.

Peroksaidi nyingi

Oksijeni inatakiwa ichukue elektroni nne iwe maji. Ikichukua mbili inaishia kwenye haidrojeni peroksaidi, ambayo inakupotezea umeme halafu inakula membreni, ule utando unaotenganisha pande mbili za seli. Mwenye diski yenye pete, ile pete pembeni inayokamata peroksaidi inayotoka, anaiona moja kwa moja, pete iwekwe volti 1.2 hivi kwa RHE.

Ukiona asilimia 30 au 40 kwenye KOH, mara nyingi una kaboni yenye naitrojeni bila chuma kilichokaa mahali pake, yaani chuma kimeondoka kwenye kuosha au hakikuwahi kushikwa. Ukiona asilimia 2 usishangilie pia, inategemea umepaka unene gani. Tabaka nene linaficha, peroksaidi inayozaliwa chini inavunjwa tena ikiwa njiani kutoka kabla haijafika kwenye pete. Paka miligramu 0.6 upime, halafu paka 0.1 upime, kama inaruka kutoka 2 kwenda 20 basi umejua kichocheo chako kinafanya kazi kwa hatua mbili.

Na kalibreti pete yenyewe. Kitabu cha mashine kinakwambia inakamata asilimia 37 mfano, pete ikichafuka inakamata 30 na hesabu yako yote inaonyesha peroksaidi kidogo kuliko iliyopo. Pete mbovu inakusifia.

"Hakina chuma kabisa" ila kinafanya kazi kwenye asidi

Mwaka 2009 timu ya Liming Dai ilionyesha mirija midogo ya kaboni yenye naitrojeni ikifanya kazi nzuri sana kwenye KOH, na tangu hapo kila mtu anataka kuandika "bila metali". Kwenye KOH inawezekana, mazingira yale ni mepesi. Ila kichocheo kisicho na metali kikifanya vizuri kwenye asidi nashtuka.

Vifuu vya nazi vina potasiamu, vina silika, na vina chuma kidogo kilichotoka kwenye udongo, bado hujahesabu kisu na mashine ya kusagia iliyosaga karanga jana. Ukianzia grafini oksaidi, ile njia ya pamanganeti inaacha manganizi. KOH ya chupa nayo ina chuma kidogo.

Kipimo chake ni rahisi, kwenye asidi weka potasiamu thayosayaneti kufika milimola 5 kwa lita. Thayosayaneti inashika chuma. Nusu wimbi likianguka kwa kishindo basi kazi ilikuwa ya chuma, likibaki palepale una haki ya kuendelea kudai. Kwenye KOH usikitegemee kipimo hiki, hakisemi wazi. Na tafadhali msitumie sayanaidi yenyewe kwenye asidi, gesi inayotoka inaua, tena fanyieni hata hiki chini ya feni ya kutolea hewa.

Unatoa boti kwenye tanuri unakuta majivu mekundu

Hapa nina uchungu kidogo. Uliweka gramu mbili nyeusi kwenye boti, yaani kile kisahani cha kuingizia unga tanurini, umepata kijivu chekundu kama kutu, na ni kutu kweli, kaboni yote imeungua imebaki oksaidi ya chuma. Hewa imeingia.

Sababu ya kawaida ni kufungua mapema. Kaboni laini ikiwa nyuzi 300 ukiitoa nje inawaka kama mkaa uliopulizwa, unaona kabisa cheche zinatembea kwenye boti. Subiri ishuke chini ya 100 gesi ya kuzuia hewa ikiwa bado inapita.

Ila yetu haikuwa hiyo. Ilikuwa umeme kukatika. Nikajiambia umeme ukikatika si tanuri linapoa tu, gesi iko kwenye mtungi haihitaji umeme, shida iko wapi? Shida ni kwamba kifaa chetu cha kupimia gesi ni cha elektroniki, umeme ukienda vali inajifunga. Bomba la tanuri liko nyuzi 900, gesi ya ndani inapoa inasinyaa, inavuta. Na mwisho wa bomba kuna chupa ya maji ya kuangalia mapovu. Nilirudi na tochi ya simu nikakuta chupa tupu na maji yako ndani ya bomba, karibu kabisa na boti. Bahati bomba halikupasuka.

Tangu siku hiyo tumeweka kipimo cha gesi cha zamani cha kioo chenye kijipira kinachoelea, hakijui umeme ni nini, na kabla ya chupa ya maji kuna chupa nyingine tupu, maji yakivutwa yanaishia humo.

Kama unga ni mweusi vizuri ila mkondo hafifu angalia joto. Nyuzi 700 naitrojeni inabaki nyingi ila kaboni haipitishi umeme vizuri, ukizidi sana 1000 inapitisha ila naitrojeni imekimbia. Wengi tunaishia 900 mpaka 1000. Na pima kwa sumaku, sisi tuna sumaku ya spika mbovu, unaiweka chini ya karatasi yenye unga. Unga ukisimama kama nywele una vipande vya chuma au kabaidi ya chuma, siyo atomi mojamoja tunazozitaka. Oshea asidi ya salfa 0.5 M nyuzi 80 kwa saa 8, suuza mpaka maji yasiwe na asidi, rudisha tanurini mara ya pili. Ukiosha bila kurudisha, kazi inashuka, hapo watu wanadhani kuosha kumeharibu. Na kama bado unga unasimama, kile chuma kimefungwa ndani ya maganda ya grafaiti na asidi haikifikii, punguza chuma unachoweka mwanzo.

Kwenye bika kizuri, kwenye seli hovyo

Karibu kwenye kundi. Kwenye bika unapima tabaka jembamba lililolowa maji yenye oksijeni. Kwenye seli ya membreni unapaka miligramu 4 kwa sentimita ya mraba, tabaka linafika kama mikromita 100, la platinamu ni kama 10. Oksijeni ipenye humo, protoni zipenye, maji yatoke, vyote kwa wakati mmoja kwenye ukuta mnene mara kumi.

Namna ya kujua nani mkosaji ni kubadilisha gesi. Endesha kwa oksijeni safi halafu kwa hewa. Ikianguka vibaya sana kwenye hewa, shida ni njia za oksijeni au maji yamejaa. Ikiwa mbaya kote kote, hata kwenye mkondo mdogo karibu na volti 0.9, basi shida ni kichocheo chenyewe au Nafion haijakifikia. Kipimo ambacho Wizara ya Nishati ya Marekani iliwawekea watu wa vichocheo visivyo na platinamu ni ampia 0.044 kwa sentimita ya mraba kwenye volti 0.9, haidrojeni na oksijeni, baada ya kutoa ukinzani, kwa hiyo pima kwenye 0.9 usiruke ukaanza kujisifu kwenye 0.4.

Nafion ikiwa kidogo protoni hazifiki ndani, ikizidi inaziba vitundu. Anzia asilimia 35 mpaka 50 ya uzito wa tabaka. Na unga usage vizuri, mabonge yana ndani ambayo haitumiki kabisa.

Kinaanza vizuri, kesho yake kimeshuka nusu

Hili siyo kosa lako peke yako, ni ugonjwa wa familia nzima. Kupoteza nusu ya nguvu ndani ya saa 100 kwenye asidi si ajabu. Kinachobishaniwa ni nani anaua. Chuma kinatoka kwenye kiti chake kinaingia kwenye maji. Chuma hichohicho kikikutana na peroksaidi kinazaa vipande vikali vinavyokula kaboni na membreni. Naitrojeni inakamata protoni. Vitundu vidogo vinajaa maji, ingawa hii ya maji inapingwa na watu wengi.

Unaweza kuwatenganisha kidogo. Simamisha seli, ikaushe kwa naitrojeni, washa tena: ikirudi juu ilikuwa maji, isiporudi kimekufa kweli. Ikishuka haraka kila unapowasha na kuzima ni kaboni inaungua kwa volti kubwa, iendeshe 0.5 au 0.6 usiiache ikae kwenye 0.9 bila mzigo. Mwaka 2017 Ballard ya Canada na Nisshinbo ya Japani walitangaza seli ndogo ya wati 30 yenye kichocheo cha kaboni bila platinamu upande wa oksijeni. Wati 30, siyo ya kuendesha basi la abiria. Na kama lengo lako ni KOH, membreni ya alkali au betri ya zinki na hewa, utaumia kidogo zaidi kuliko kwenye asidi, mi binafsi ningeanzia huko.

Bechi ya mwezi uliopita nzuri, ya leo mbovu, na hujabadilisha kitu

Umebadilisha. Urea ya maabara iliisha ukaweka ya mbolea, ile ya 46, yenye dawa ya kuzuia isigande. Vifuu vya safari hii ni vibichi. Au uliweka gramu 5 badala ya 2 na gesi haikupita vizuri katikati ya rundo.

Sisi tulikagua vyote hivyo tukakosa, mpaka fundi wetu, Mzee wa makamo asiyesema sana, akauliza "hivi nyie boti mnaliweka wapi?" Tukasema ndani. "Ndani wapi?" Akatupa kipimajoto kirefu, tukasukuma sentimita kwa sentimita. Katikati 900, sentimita 12 kutoka hapo ilikuwa 760. Aliyepika bechi ya leo ana mkono mfupi. Mzee akachukua waya wa kusukumia boti, akaufunga uzi mwekundu pale unapogusa mdomo wa bomba boti likiwa katikati, akarudi kwenye kiti chake.